Sakafu ya Bafu ya Mama Mkwe Imenimeza

Leo nimeaibika mbele ya mazishi mazima. (Mazishi hayakuwa yangu. Ilibaki kidogo tu.)

Naandika nikiwa Bumula, nimekaa kwa kiti cha plastiki nje ya nyumba ya mama mkwe, nimejifunga leso. Suruali yangu bado imening'inia kwa msumari ndani ya bafu, ng'ambo ya shimo, na hakuna mtu amekubali kuifuata. Nitawaeleza vile ilikuwa, moja baada ya nyingine. Naomba mnisome kwa heshima kwa sababu hili si jambo la kuchekesha. Nekesa anacheka, lakini Nekesa ni mke wangu, yeye ana ruhusa.

Wale hamnijui, mimi ni Njoroge wa Kibomet, pale Kitale, muuzaji wa mbegu na dawa za ng'ombe. Watu wangu walitoka upande wa Nyeri zamani, wakapata shamba Trans-Nzoia, nikazaliwa huko. Halafu nikaenda kuoa Bumula, kwa Wabukusu. Sasa, kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamsalimiani kwa mkono. Hamli pamoja. Wewe humwangalii usoni, naye hakuangalii. Akiwa sebuleni, unapitia jikoni. Akiwa jikoni, unakumbuka umesahau kitu kwa gari. Na kukiwa na neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu.

Mimi, kwa sababu sikuzaliwa na hii mila, nimeishika kuliko wenyewe. Sikutaka siku moja mtu aseme, "Si tuliwaambia huyo wa Kitale hana adabu?" Hata mashemeji zangu huniambia nimezidisha. (Kuna harusi moja nilikula nimesimama nyuma ya tangi la maji.) Miaka yote ya ndoa yangu, kama mngeniuliza mama mkwe anafanana vipi, ningewaeleza viatu vyake tu.

Basi Mama akaanguka. Ilikuwa alfajiri, anaenda choo cha nje, mvua imenyesha, akateleza akavunjika nyonga. Akafanyiwa operesheni Bungoma mjini, ikaenda vizuri, akapewa ile fremu ya chuma ya kutembelea, akarudishwa nyumbani. Tulimwomba aje kwetu Kibomet. Bafu liko ndani, maji moto yapo, wajukuu wapo. Akakataa. Kwa nyumba ya mkwe hawezi kulala, sembuse kuoga.

"Afadhali nianguke tena," alimwambia Nekesa, "lakini nianguke kwangu."

Ikabidi awe anaogeshwa kwa beseni chumbani, na hayo mambo mengine ni ndoo. Mwanamke aliyesomesha watoto kwa jembe, leo ni ndoo! Siku moja Nekesa akarudi kutoka kumwona, akaketi kitandani na viatu vyake, akaanza kulia. Nikamuuliza ni nini.

"Mama ameacha kunywa chai," akasema. "Hata maji anaonja tu. Ati hataki kusumbua mtu ambebee ndoo."

Hapo nikasema imetosha. Bafu tutatengeneza.

Bafu lenyewe lilikuwepo, ni vile lilisahaulika. Marehemu baba mkwe, enzi zake akifanya kazi Webuye kwa kiwanda cha karatasi, alirudi nyumbani na mawazo ya kisasa. Akaongeza chumba nyuma ya nyumba, kiwe bafu na choo ndani kwa ndani. Maji ya bomba hayakufika. Bafu likawa stoo ya mahindi mpaka akafa. Sasa maji yamefika, kwa hivyo kazi ilionekana rahisi kabisa: toa magunia, ingiza bomba, bandika taili ukutani na sakafuni, weka choo cha kukalia na vyuma vya kushikilia, Mama aoge amesimama kama binadamu.

Dalili zilikuwepo. Nakubali. Mlango ulikuwa unakwaruza upande mmoja. Tukasema ni mbao imevimba na mvua. Ukutani kulikuwa na ufa umeteremka kutoka dirishani mpaka chini, na ulivyoshuka ndivyo ulivyopanuka, tukaupaka simiti. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu ya zamani, imeinama kwa pembe moja, ukiweka chupa inabingirika yenyewe. Fundi wetu, anaitwa Wanyonyi, akasema hiyo ni bahati, maji yatapata njia ya kutoka. Kila ubaya tuliupatia jina zuri tukasonga mbele.

Kitu kilichonisumbua mimi ni kimoja tu: mkwe anaingiaje kwa bafu la mama mkwe? Nikamuuliza Mzee Simiyu, mdogo wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye mwamuzi wa mambo ya mila hapo nyumbani. Akafikiria sana. Akakuna kidevu. Akatoa hukumu.

"Kabla Mama hajaoga hapo, hiyo si bafu. Hiyo ni mjengo. Mjengo haina mila. Lakini siku ataoga, hata kama ni kunawa miguu, wewe mguu yako isionekane hapo tena mpaka ufe."

Nikasema sawa, mzee.

Sasa leo. Leo ni Jumamosi. Wanyonyi alikuwa amemaliza kuta, na kuta zilikuwa zimependeza, nyeupe na mstari wa samawati katikati. Mama alizichungulia jana jioni mimi nikiwa nimejificha kwa banda la ng'ombe, na Nekesa akaniambia alipitisha kiganja ukutani polepole. Ilibaki sakafu. Mpango ulikuwa ibandikwe leo, ikauke kesho, Jumatatu Mama aoge. Asubuhi Nekesa akapanda boda kwenda Bungoma kununua ile simiti nyeupe ya kuziba mianya, maana ilikuwa haijatosha.

Lakini huku kwetu Jumamosi kila mtu anajua ni ya nini. Ni ya mazishi. Mzee mmoja jirani alikuwa anazikwa, ng'ambo tu ya shamba la miwa, na spika zilikuwa zimeanza kuunguruma tangu asubuhi. Nikaona Wanyonyi anavua ovaroli na kunawa uso.

"Naenda kuonyesha uso tu, narudi."

"Saa ngapi?"

"Si wakishazika."

Akaenda. Mzee Simiyu akaenda. Msichana wa kumsaidia Mama akaenda, ati anaenda kupiga picha ya kwaya na kurudi. Tukabaki watu wawili kwa hilo boma: mimi kwa bafu, na Mama sebuleni na fremu yake. Yaani watu wawili ambao hawaruhusiwi kuongea.

Mtu mwenye akili angekaa chini angoje fundi. Mimi nikawaza, Nekesa atarudi apate sakafu imebandikwa nusu, atafurahi aje! Nikavua suruali nzuri nikaitundika kwa msumari ukutani, kwa sababu baadaye nami nilitaka kwenda kutoa pole kwa wafiwa nikiwa nadhifu. Nikabaki na kinyasa cha zamani, suruali fupi. Raba ya kiuno ilikufa zamani, nimekikaza na kamba ya katani. (Nekesa amekitupa mara nyingi. Mimi hukiokota.)

Kisha nikafanya kosa la kwanza. Taili zote zilikuwa nje kwa veranda. Nikawaza, siku ya mazishi watu wanapita wengi, huwezi kujua ni nani. Nikazibeba boksi baada ya boksi, nikazipanga ndani ya bafu, kwa ile pembe iliyoinama ndio zisinizibie njia. Juu yake nikaweka mifuko ya gundi ya taili. Kando yake nikajiweka mimi mwenyewe, na wale mnanijua, mimi si mwembamba.

Kosa la pili. Nikagonga sakafu na nyundo ya raba. Ikalia kama ngoma. Mtu mwingine angetoka mbio. Mimi nikasema aha, saruji ya juu imeachana na ya chini, lazima ing'olewe ndio taili zishike. Nilikuwa nimeona jamaa fulani kwa simu akifanya hivyo. Nikaiacha ya raba nikachukua nyundo kubwa.

Nikapiga. Vumbi. Nikapiga tena. Vumbi na sauti fulani, krrr, kama mbao inang'atwa. Nikainua nyundo tena, na kabla haijashuka nikaona boksi za taili zinateremka. Polepole, bila haraka yoyote, kama wazee wanaokaa chini. Nikazitazama. Nikajiuliza mbona zinakuwa fupi.

Halafu nami nikawa mfupi.

Sijui kueleza vizuri hapo. Niligundua tu nimezama kwa sakafu mpaka kwapani. Mkono mmoja umeshika kipande cha saruji, mwingine umekumbatia gogo la mkaratusi ambalo sikujua lilikuwa chini yetu siku zote hizo. Gogo lilikuwa limeliwa na mchwa, linavunjika vunjika kwa vidole kama mandazi ya juzi. Miguu ilitafuta chini ikakosa. Kinyasa kilikuwa kimenaswa na kitu huko gizani. Nikasikia boksi la taili linaanguka. Nikangoja sauti ya kufika. Nikaendelea kungoja. Halafu, mbali sana, pwaa!

Wacha niseme ukweli. Hapo sikuwaza mila, sikuwaza aibu. Niliwaza watoto wangu wako Kibomet wanatazama katuni.

Nikapiga nduru. "Nisaidieni! Jamani, nakufa huku!" Lakini kila nikipaza sauti, kwaya ya mazishi inapaza zaidi. Walikuwa na spika kubwa kunishinda. Nikaita Wanyonyi, nikaita Mungu, nikaita Wanyonyi tena.

Ndipo nikasikia tak. Tak. Tak. Fremu ya chuma inakuja kwa korido. Ikasimama nje ya mlango, mahali ambapo mtu hawezi kuniona wala mimi kumwona. Kisha sauti ya Mama.

"Wewe paka."

Paka wa Mama alikuwa amekaa mlangoni, ananikodolea macho.

"Paka, hebu uliza huyo mtu wa kwa bafu, ni nini imeanguka?"

Nawaapia, hata pale, na kifo kimenishika miguu, adabu yangu haikuniacha. Nikasema, "Paka, mwambie Mama ni taili."

"Paka, uliza kama ni taili peke yake."

"Mwambie ni taili na mimi."

Fremu ikasogea, tak.

"Paka, muulize ameingia mpaka wapi."

"Mwambie mpaka kwapa."

"Na huko chini anakanyaga nini?"

"Mwambie hakuna kitu."

"Paka, mwambie akanyage vizuri, kitu haiwezi kukosa huko chini."

"Hakuna chini, Mama! Hakuna chini kabisa!"

Nikajiuma ulimi. Nilikuwa nimemwita moja kwa moja, bila mtu katikati. Paka naye akanyoosha mgongo, akapiga miayo, akaondoka zake. Tukabaki bila mkalimani.

Nikamsikia Mama anabonyeza simu yake ya kabambe, ile ya vitufe inayotangaza kila namba kwa sauti. Alikuwa anampigia Mzee Simiyu pale mazishini.

"Simiyu! Unanisikia? Mkwe ameingia kwa shimo! ... Nasema kwa shimo! ... Si la marehemu, la huku kwangu! ... Simiyu, toka kwa hiyo spika!"

Akakata. Tukangoja. Mimi kwa shimo langu, yeye nyuma ya ukuta wake. Kisha kwaya ikakatika katikati ya wimbo, na nikasikia mshereheshaji anapuliza kipaza sauti, fuu, fuu.

"Bwana asifiwe. Samahani kwa wafiwa, tuna tangazo fupi. Yule mkwe wa Mama Nekesa, yule wa Kitale, yule mnene kidogo, ametumbukia ndani ya choo ya mama mkwe."

Bumula yote ilisikia. Nina hakika hata Webuye walisikia.

"Ni bafu!" nikalia kutoka chini. "Si choo, ni bafu!"

"Narudia, ni choo. Hajafa, narudia, hajafa. Tunaomba vijana wachache wenye nguvu. Wengine tafadhali mkae, tunaendelea na historia ya marehemu."

Kama mnawajua watu, mnajua kama kuna mtu alikaa.

Ningecheka nanyi hapo, lakini ni wakati huo huo gogo likalia krrr tena, na nikashuka. Kutoka kwapa nikafika karibu na bega. Saruji ikaanza kubomoka chini ya mkono wangu wa kushoto, inamwagika vipande vipande, na kila kipande kilichukua muda wake kufika. Sikuita tena paka wala Wanyonyi. Nilisema tu, "Mama. Naenda."

Tak. Na mlango ukafunguka wote.

"Usiingie!" nikasema. "Mama, sakafu ni mbaya, utaanguka!"

Alisimama kizingitini, mahali ambapo ukuta wa zamani wa mawe unashikilia, akateremka polepole mpaka akakaa chini na mguu wake wa operesheni umenyooka mbele. Najua ilimuuma kwa sababu nilimsikia. Kisha akailaza ile fremu yake ya chuma sakafuni, miguu miwili imekwama nyuma ya fremu ya mlango, miguu mingine imefika kwangu.

"Shika."

Nikashika. Akavua leso ya mabegani, akaizungusha kwa mkono wangu na kwa chuma, akafunga fundo kama anafunga mzigo wa kuni. Halafu akaushika mkono wangu wenyewe, kwa mikono yake yote miwili. Mama mkwe wangu. Akanishika mkono.

Nikafumba macho. Jamani, ndiyo adabu niliyoijua. Nikageuza uso upande wa shimo.

"Usiangalie huko," akasema. "Niangalie mimi."

"Mama, siwezi."

"Nimesema niangalie mimi, mtoto wangu. Huko chini usiangalie."

Nikafungua macho. Ndipo nikamwona. Ana uso mdogo. Ana mwanya mbele kama Nekesa. Macho yake ni yale yale ya kitinda mimba wangu, yule mwenye sura ambayo kwa miaka tumebishana ametoa wapi. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini mikono haikulegea. Tukatazamana hivyo. Sikumbuki kama ilikuwa muda mrefu au mfupi.

Kisha mazishi yakafika.

Hawakuja vijana wachache. Walikuja vijana, wakaja wazee, ikaja kwaya na sare zake, wakaja watoto, akaja hata mpishi mmoja ameshika mwiko wa ugali. Wale walikosa nafasi kwa korido wakazunguka nyuma wakajaa dirishani. Wa kwanza mlangoni alikuwa Mzee Simiyu. Akaona shimo. Akaniona mimi. Akaona mikono yetu imeshikana.

"Haiya!" akasema, akarudi nyuma. "Mama Nekesa! Achilia huyo!"

"Nikiachilia anaenda."

"Lakini ni mkwe!"

"Najua ni mkwe, Simiyu."

"Mila inasema..."

Wakaanza kujadiliana! Mzee mmoja akasema mkono ukishikwa kwa shida si mkono. Mwingine akasema mkono ni mkono. Mama wa kwaya kutoka dirishani akauliza kama kuna mtu anaweza kuweka kitambaa katikati. Mimi nikiwa hapo katikati ya kesi, nashuka kidogo kidogo.

"Simiyu," Mama akasema, na hakupandisha sauti. "Leo kuna kaburi moja Bumula. Wewe unataka mbili?"

Kesi ikaisha hapo hapo. "Kamba! Leteni kamba, haraka, haraka!" Na kamba iliyokuwa karibu, nyinyi mnafikiri ilikuwa gani? Ilikuwa ile ya kuteremshia jeneza. Kijana mmoja alikuwa amekuja nayo mkononi. Wanyonyi (ndiyo, fundi wangu, sasa alikuwa ameonyesha uso vya kutosha) akalala kifudifudi kwa kizingiti, akaipitisha chini ya makwapa yangu, wakajipanga kwa korido mpaka nje, wakavuta. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kupandishwa na hiyo kamba.

Nilipanda. Kinyasa hakikupanda.

Ile kamba ya katani ilikuwa imenaswa na gogo, na gogo likakataa kuniachilia na nguo. Nikatokea kwa mwangaza kama nilivyozaliwa kutoka kiunoni kwenda chini, mbele ya wazee, mbele ya fundi wangu, na kwaya yote ya akina mama iko dirishani. Nitasema hivi tu kuhusu hiyo kwaya: waligeuka kwa pamoja, walikuwa na mazoezi. Wote isipokuwa mmoja, na huyo namjua.

Nikajikunja ukutani. Na kabla sijajua nifanye nini, leso ikaniangukia kichwani. Ile ile, amefungua fundo akanirushia, na yeye ametazama dari.

Mzee Simiyu akakohoa. Akafikiria. Akakuna kidevu tena, kama kawaida yake. "Mmeona nyote," akasema. "Mama mkwe amempa mkwe nguo, mbele ya mashahidi. Hii mambo ya kujificha imeisha leo. Kondoo ya kufunga hii maneno italetwa baadaye, lakini imeisha." Hakuna aliyepinga. Huko ng'ambo ya miwa, spika zikaita: "Tunashukuru Mungu tumesikia mkwe ametoka. Tunaomba kamba irudi. Marehemu anangoja."

Watu walitaka kucheka. Na wangecheka, nami ningewaacha wacheke. Lakini kabla ya kurudisha kamba, Wanyonyi alifunga nusu ya taili kwa mwisho wake, akaiteremsha kwa shimo ili tujue. Akateremsha. Akateremsha. Kamba ikaisha mkononi mwake na taili haijagusa kitu.

Hakuna mtu alicheka tena. Mzee Simiyu akavua kofia.

"Hapa palikuwa na choo ya baba yetu," akasema. "Wakati wa ile boma ya zamani. Tuliambiwa ilijazwa mawe."

Haikujazwa. Ilifunikwa magogo na udongo, nyasi zikaota, miaka ikapita, na baba mkwe kwa nia yake nzuri akajenga bafu juu. Nikawaona watu wanatazama shimo, kisha wanatazama fremu ya Mama imelala hapo, kisha wanatazama chini. Kila mtu alikuwa anahesabu kitu kile kile. Jumatatu. Mama peke yake, mlango umefungwa, maji yanamwagika, nyonga mbaya, na taili nyeupe nzuri chini ya miguu yake. Taili nilizonunua mimi.

Nililia, ndiyo. Nimejifunga leso.

Nekesa akafika na boda wakati watu wanaanza kutoka. Aliona umati wote kwa mlango wa kwao, Jumamosi, na nguo nyeusi. Mfuko wa simiti ukamtoka mkononi, akakimbia akiita "Mama! Mama!" Alimpata Mama kwa kiti, akamshika kichwa, akamshika mabega, akamshika magoti. Halafu akaniona mimi na leso. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. Alicheka na kulia vyote pamoja, na kusema kweli mpaka sasa hajamaliza.

Wamerudi kuzika. Mama amekataa kwenda kulala, amewekewa kiti hapa nje, na kiti changu kimewekwa kando ya chake. Mimi nilikiweka mbali. Nekesa akakisogeza. Hakuna kati yetu aliyejua mkwe na mama mkwe huanza na neno gani.

Akaanza yeye.

"Hilo shimo lilikuwa linaningoja mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mimi nitaoga wapi?"

Nikamwambia nitamjengea bafu lingine, upande ule wa mbele, mahali palipo na mwamba, tuchimbe kwanza tuone kila kitu kilicho chini. Nikamwambia naanza Jumatatu mimi mwenyewe. Akanigeukia. Akaniangalia sana.

"Njoroge," akasema. Sikujua analijua jina langu. "Jenga. Lakini wewe usiguse nyundo."

Kwa hivyo, wenzangu, vicheko wekeni kando kwanza. Kama humu kuna fundi wa ukweli anayeweza kufika Bumula Jumatatu, aseme sasa hivi. Mama yuko hapa kando, bado ananiangalia usoni, na sijazoea.